Hukumu ya Kesi ya Mauaji Haikuwa Hukumu ya Kila Kosa

Kwa Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nizungumzie jambo ambalo wasomaji wa magazeti ya Kiswahili hulikuta mara kwa mara bila kufafanuliwa, nalo ni namna uamuzi wa kesi moja unavyochukuliwa na kutumiwa katika kesi nyingine. Nilikuwa karani na mkalimani wa mahakama hapa Mombasa hadi nilipostaafu, na kazi yangu haikuwa kuamua kesi bali kuita majina, kupanga faili na kumgeuzia shahidi maswali ya wakili kutoka Kiingereza hadi Kiswahili. Hata hivyo, mtu aliyekaa chini ya meza ya jaji kwa miaka 26 husikia mengi, na nililolisikia kuliko mengine yote ni wakili akisimama kusema kwamba jambo hili limekwisha kuamuliwa, kisha wakili wa pili akisimama kusema kwamba lililoamuliwa silo hili.

Mapema mwaka 2018 mama mmoja alifika kwenye dirisha la masjala akiwa na kipande cha gazeti alichokikunja mara nne. Mwanawe alikuwa akitumikia kifungo cha miaka 20 kwa kosa la kunajisi. Kipande hicho, ambacho sitataja kilitoka gazeti gani, kilikuwa na kichwa kilichotangaza kwamba Mahakama ya Juu imefuta adhabu za lazima, na mama alitaka kujua kijana atatoka lini. Nilikisoma mara mbili. Habari yenyewe chini ya kichwa ilihusu kesi ya mauaji, lakini kichwa hakikusema hivyo, na mama wa watu alikuwa amepanda matatu tangu alfajiri kwa ajili ya kichwa hicho.

Kesi iliyokuwa ikizungumziwa ni ile inayojulikana kwa jina la Muruatetu, iliyoamuliwa na Mahakama ya Juu ya Kenya tarehe 14 Desemba 2017. Swali lililokuwa mbele ya majaji lilikuwa finyu. Kifungu cha 204 cha Kanuni ya Adhabu kilimlazimu jaji kumhukumu kifo kila aliyepatikana na hatia ya kuua kwa kukusudia, na walalamishi waliuliza kama ulazima huo unapatana na Katiba ya 2010. Mahakama ilijibu kwamba haupatani nayo, kwa sababu unamnyima mshtakiwa nafasi ya kueleza hali yake kabla ya kuhukumiwa, unamfunga jaji mikono, na unawatendea wote waliopatikana na hatia hiyo kana kwamba mauaji yote yana uzito mmoja. Kilichofutwa ni ulazima, si adhabu. Majaji waliandika bayana, ili shaka isibaki, kwamba amri yao haikugusa uhalali wa adhabu ya kifo kama inavyoruhusiwa na kifungu cha 26(3) cha Katiba. Pamoja na hayo, wapo waliotangaza siku iliyofuata kwamba kitanzi kimeondolewa Kenya, nchi ambayo haijamnyonga mtu yeyote tangu mwaka 1987 lakini ambayo sheria yake ya kunyonga ingali vitabuni.

Sisi tuliokuwa mahakamani Mombasa tulikuwa na sababu ya kuifahamu hoja hiyo mapema, kwa kuwa ilikuwa imepita mlangoni kwetu. Mnamo Julai 2010 Mahakama ya Rufaa, ikiketi hapa hapa Mombasa katika kesi ya Mutiso, ilisema jambo lile lile kuhusu kifungu kile kile. Majaji wale waliongeza kwamba hoja walizozikubali huenda zikafaa pia kwa makosa mengine ya kifo, kama vile uhaini na wizi wa mabavu, lakini wakajihadhari kusema kwamba hawakuwa wakiamua hilo. Ni katika sentensi kama hizo ambapo kazi yote ya hukumu tangulizi, yaani uamuzi wa zamani unaofuatwa katika kesi za baadaye, hulala. Kuna kiini cha uamuzi, yaani ile sababu ambayo ukiiondoa hukumu yenyewe haisimami, na kuna maneno ya pembeni ambayo jaji anayasema njiani kwa kuwa yamemjia akilini. Kiini kinaifunga mahakama ya chini. Maneno ya pembeni hayamfungi mtu, hata yakiwa ya hekima kiasi gani. Wakili mzuri hujua kuyatumia yote mawili, na wakili mjanja hujua kuyachanganya.

Miaka mitatu baadaye, mnamo Oktoba 2013, benchi la majaji watano la Mahakama ya Rufaa katika kesi ya Mwaura lilisema kwamba kesi ya Mutiso ilikosewa na kwamba adhabu ya kifo ni ya lazima. Hivyo basi, kati ya 2010 na 2017 mtu aliyepatikana na hatia ya mauaji angeweza kunusurika au kutonusurika na hukumu ya kifo kutegemea mwezi ambao faili yake ilifika mezani. Sisemi hivi kwa kejeli. Mahakama ya Rufaa ina haki ya kuuacha uamuzi wake wa zamani inapoona ulikosewa, na ni afadhali ijirekebishe kuliko kung'ang'ania kosa kwa sababu tu ni kosa la mzee wake. Hata Mahakama ya Rufaa ya Afrika Mashariki, katika kesi ya Dodhia iliyoripotiwa mwaka 1970, ilikuwa imesema kwamba haitajifunga kamba ya maamuzi yake yenyewe pale inapoona ni sawa kuyaacha. Lakini hakimu wa Kwale au Voi hana haki hiyo. Yeye hufuata walio juu yake, na walio juu yake wakigeuka, naye hugeuka.

Turudi kwa mama wa dirishani. Nilimweleza kwamba uamuzi ule ulihusu mauaji na kwamba mwanawe alihukumiwa chini ya sheria nyingine kabisa, Sheria ya Makosa ya Ngono ya mwaka 2006, ambayo kifungu chake cha 8 kinapanga adhabu kwa umri wa mtoto aliyetendewa kosa: kifungo cha maisha kwa mtoto wa miaka 11 kushuka, kisichopungua miaka 20 kwa mtoto wa miaka 12 hadi 15, na kisichopungua miaka 15 kwa aliye kati ya 16 na 18. Nilidhani nimemsaidia. Kumbe nilikuwa nimewahi, kwa maana mwaka huo huo wa 2018 Mahakama ya Rufaa ilianza kulivusha lile wazo la Muruatetu kutoka mto mmoja hadi mwingine. Ikiketi Kisumu, ililitumia kwa wizi wa mabavu, kisha ikalitumia kwa makosa ya ngono, ikisema kwamba kama ni kinyume cha Katiba kumfunga jaji mikono katika kosa zito kuliko yote, haielekei kuwa sawa kumfunga katika makosa mengine. Mahakama Kuu kote nchini zikafuata, kwa kuwa zilitakiwa kufuata. Maombi ya kuhukumiwa upya yakamiminika masjala kama mvua ya masika. Ombi la mwana wa mama yule lilikuwa mojawapo, na safari hii mimi ndiye niliyelipiga muhuri.

Nataka kuwatendea haki majaji hao wa rufaa, maana wengine wamewasema kana kwamba hawakusoma. Sababu zilizotolewa katika Muruatetu hazikuwa sababu za mauaji peke yake. Haki ya kusikilizwa kwa njia ya haki, heshima ya binadamu, hiari ya hakimu kupima adhabu dhidi ya mtu aliye mbele yake, yote hayo ni mambo ambayo hayachagui kosa. Tena Mahakama ya Juu yenyewe, ilipoamuru Mwanasheria Mkuu na wenzake waandae utaratibu wa kuzisikiliza upya kesi nyingine, ilitumia maneno yaliyomaanisha kesi zinazofanana na ile, bila kusema kufanana kunaishia wapi. Mlango ukiachwa wazi kiasi hicho, si ajabu watu wakiingia.

Basi tarehe 6 Julai 2021 Mahakama ya Juu ikaufunga. Katika maelekezo iliyotoa siku hiyo ilisema kwamba Muruatetu inahusu kifungu cha 204 peke yake, kwamba haiwezi kuwa msingi wa kusema kila adhabu ya lazima au yenye kima cha chini inakiuka Katiba, na kwamba anayetaka kuipinga adhabu ya lazima ya kosa lingine, mathalani wizi wa mabavu, aanzie Mahakama Kuu kwa kesi yake mwenyewe, hoja zake zisikilizwe na upande wa pili ujibu, kisha suala lipande ngazi hadi lifike juu. Ombi la kijana yule, lililokuwa limeahirishwa mara nne, likatupwa.

Mimi nauona uamuzi wa 2021 kuwa sahihi, ingawa umechelewa vibaya. Ni sahihi kwa sababu katika kesi ya 2017 hakuna aliyesimama kuwazungumzia watoto. Upande wa Serikali haukuulizwa kwa nini Bunge mwaka 2006 liliona haja ya kuweka kima cha chini katika makosa ya ngono, wala hakuna aliyeeleza hali ilikuwaje kabla ya sheria hiyo. Kanuni inayoondolewa shamba moja na kupandwa shamba lingine bila udongo kuchunguzwa inaweza kumea, lakini anayekula matunda yake hakuulizwa kama anayataka. Hilo ndilo ninaloliona kuwa moyo wa nidhamu ya hukumu tangulizi, yaani kwamba mahakama hutoa nguvu ya sheria kwa yale tu yaliyobishaniwa mbele yake na pande zote mbili. Lakini umechelewa, kwa sababu kutoka Desemba 2017 hadi Julai 2021 ni zaidi ya miaka mitatu na nusu, na katika muda huo wapo wafungwa waliokwisha kupunguziwa vifungo na wengine walioachiliwa, huku wenye makosa yale yale ambao faili zao zilichelewa njiani wakibaki ndani. Mahakama iliyoacha neno kufanana bila mipaka ndiyo iliyopaswa kuiweka mipaka hiyo mapema.

Tena mambo hayakuishia hapo. Mnamo Mei 2022 Mahakama Kuu ya Machakos, katika ombi lililoipinga moja kwa moja Sheria ya Makosa ya Ngono, ilisema kwamba adhabu za chini zisizoachia mahakama hiari zinagongana na heshima ya binadamu. Mwaka huo huo Mahakama ya Rufaa ya Nyeri ilimpunguzia mtu mmoja kifungo kutoka miaka 20 hadi 15. Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma akakata rufaa, na tarehe 12 Julai 2024 Mahakama ya Juu ikairudisha ile miaka 20, ikieleza kwamba adhabu ya lazima na adhabu yenye kima cha chini si kitu kimoja: ya kwanza haimwachii hakimu hiari yoyote, ya pili inamwekea sakafu tu na kumwacha apande kutoka hapo. Hapa kwetu Pwani, Mahakama ya Rufaa ya Malindi ilikuwa mwaka 2023 imebadilisha kifungo cha maisha kuwa miaka 40, nao uamuzi huo ukatenguliwa na Mahakama ya Juu Aprili 2025. Kifungu cha 163(7) cha Katiba kinasema mahakama zote isipokuwa Mahakama ya Juu yenyewe zinafungwa na maamuzi ya Mahakama ya Juu. Msomaji anaweza kujiuliza iweje basi mahakama zilizofungwa ziende kinyume mara kwa mara. Jibu ni kwamba mara nyingi haziendi kinyume waziwazi. Huutofautisha uamuzi, yaani husema kesi ile ilihusu vile na hii inahusu hivi, na kutofautisha ni haki ya kila mahakama, hata ya hakimu. Ni pale tofauti inapokuwa ya jina tu ndipo mahakama ya juu hukasirika.

Makosa ya jinai siyo peke yake. Katika mali ya ndoa mambo yamekwenda njia nyingine kabisa, na ningependa wasomaji wako waione tofauti. Kwa miongo mingi mahakama za Kenya zilitumia sheria ya Uingereza ya mwaka 1882 kuhusu mali ya wanawake walioolewa, na katika kesi ya Echaria ya mwaka 2007 Mahakama ya Rufaa ilitegemea maamuzi ya Baraza la Mabwana la London, lililokuwa mahakama ya juu ya Uingereza, ya 1969 na 1970 kusema kwamba mke hapati sehemu ya mali iliyo kwa jina la mume ila kwa kiasi alichochangia. Upande wa pili wa mpaka, Mahakama ya Rufaa ya Tanzania ilikuwa imeamua mwaka 1983, katika kesi ya Bi Hawa Mohamed, kwamba kazi za nyumbani za mke ni mchango katika kupatikana kwa mali, ingawa Bi Hawa mwenyewe aliondoka mikono mitupu kwa kuwa mahakama iliona alizitumia vibaya fedha alizopewa na mumewe. Uamuzi wa Dar es Salaam hauifungi Nairobi. Unaweza kuishawishi tu, kama vile ule wa London unavyoweza kuishawishi tangu tupate uhuru, na siku zote nimeshangaa kwa nini masikio yetu yalikuwa mepesi kwa London kuliko kwa jirani anayeoa na kuachika kama sisi.

Kisha ikaja kesi ya JOO na MBO, herufi zilizotumika badala ya majina ya mume na mke, iliyoamuliwa na Mahakama ya Juu tarehe 27 Januari 2023, na hapa ndipo lawama yangu kwa vyombo vya habari inapokuwa kubwa zaidi. Mahakama ilisema kwamba usawa wa wanandoa unaotajwa katika kifungu cha 45(3) cha Katiba haumaanishi mali igawanywe nusu kwa nusu bila kuangaliwa, na kwamba kila mmoja athibitishe mchango wake, uwe wa fedha au usio wa fedha. Redio na magazeti yakapiga mbiu kwamba wanawake hawatapata tena nusu ya mali. Mume ndiye aliyekuwa amekata rufaa, na rufaa yake ilikataliwa. Mke, ambaye Mahakama Kuu ilikuwa imempa asilimia 30 ya nyumba na asilimia 20 ya vyumba vya kupangisha, alibaki na nusu aliyopewa na Mahakama ya Rufaa. Yaani katika kesi ile ile iliyotangazwa kuwa mwisho wa nusu kwa nusu, mke alitoka na nusu. Aliipata kwa sababu ushahidi ulionyesha alivyochangia. Msomaji aliyesoma kichwa peke yake angebaki akiamini kinyume cha kilichotokea, na nina hakika wapo wanawake walioacha kwenda mahakamani kwa ajili ya kichwa hicho.

Nalitaja hili kwako, Mhariri, kwa sababu msomaji wa Kiswahili hana pengine pa kukimbilia. Hukumu zetu huchapishwa bure na Baraza la Kitaifa la Kuripoti Sheria, lakini huandikwa kwa Kiingereza, licha ya Katiba kukifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na lugha rasmi. Tanzania ilirekebisha sheria yake mwaka 2021 ili Kiswahili kiwe lugha ya sheria na ya mahakama. Sisi hatujafika huko, na mpaka tufike, mwandishi wako aliyeketi kwenye benchi la nyuma mahakamani ndiye mkalimani wa taifa zima. Nami niliyekuwa mkalimani najua kwamba ukiruka neno moja tu, kama vile peke yake, shahidi hujibu swali ambalo hakuulizwa.

Ombi langu ni dogo. Kila gazeti lako linaporipoti uamuzi mkubwa, tuambiwe ni mahakama ipi iliyoamua na ni nani waliofungwa nao, tuambiwe ni kifungu kipi cha sheria kilichokuwa mezani, na tuambiwe mwisho wa kesi yenyewe ulikuwaje kwa wale walioifungua. Mistari mitatu inatosha, na inaweza kuwekwa juu kabisa kabla ya maneno ya mawakili waliohojiwa kwenye ngazi za mahakama, ambao kila mmoja wao ana mteja. Kuhusu vichwa vya habari, najua havichaguliwi na mwandishi bali na anayepanga ukurasa usiku akiwa na nafasi ya maneno sita. Maneno sita yanatosha kuandika Adhabu ya Lazima kwa Mauaji Yafutwa, na ukizihesabu herufi utaona hazizidi sana zile za kipande alichokuwa nacho yule mama.

Wako mwaminifu,
Karani mstaafu, Kisauni, Mombasa